Betty Watatu wa Januari Mosi

Ukimkuta Lilly Keji kazini utadhani ana majivuno, maana salamu huzijibu macho yakiwa kwenye skrini. Si majivuno. Lilly akishika jambo hulichimba mpaka mwisho, na akishachimba humng'oi. Alikulia kambini kaskazini mwa Uganda, akasomea kompyuta Kampala, kisha akarudi nyumbani Juba. Ni fundi wa mifumo katika shirika moja la afya lenye ofisi mtaa wa Thongpiny, na mwaka jana alipewa kazi ambayo wengi wetu tungeikimbia.

Shirika lilikuwa na mifumo mitatu: wa maabara, wa ghala la dawa na wa kliniki ya Nyakuron. Haikuelewana hata kidogo. Majibu ya vipimo yalibebwa kwa bodaboda ndani ya bahasha, na mengine yalifika mgonjwa ameshachoka kungoja na kwenda zake. Ilitakiwa programu ya kukaa katikati, ipokee ujumbe wa mfumo huu na kuutafsiri kwa ule. Phineas, Mkenya aliyekuwa mkuu wa ofisi, alimwambia Lilly aitafute.

Lilly alikaa wiki tatu akipekua programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua ndani na kuzirekebisha. Kurasa zenye kung'aa hazikumbabaisha. Alitazama kama watengenezaji wanajibu maswali au wamelala, kama programu inatosha kwenye kompyuta ndogo, na mtandao ukikatika ujumbe unangoja au unapotea. Mtandao wa Juba sote tunaujua. Alianza na tisa, akabaki na moja.

Phineas hakuridhika. Kitu cha bure kilimtia wasiwasi, akataka kampuni ya kuibana likitokea la kutokea. Basi akamwita Owen, muuzaji kutoka Nairobi, aliyekuwa na programu ya kununuliwa, imefungwa kabisa usione ndani. Wakakubaliana zishindanishwe siku moja kwa nakala za rekodi za kliniki. Lilly alijua kilichokuwa mezani. Owen akishinda, yeye angebaki wa kuwasha na kuzima mashine, na hakuna ambaye angemwuliza tena lipi bora.

Siku yenyewe, programu zote mbili zilipeleka majibu mia moja kabla chai haijapoa. Phineas alikuwa ameanza kutabasamu pale Josline, muuguzi mkuu wa Nyakuron, alipoinamia skrini na kukunja uso. Betty watatu wa kliniki yake walikuwa wamegeuka mtu mmoja. Kifua kikuu cha mmoja kilikuwa kimeingia kwenye faili la mwingine aliye mzima. Programu zote mbili zilimtambua mgonjwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na Betty hao walilingana majina yote na tarehe pia, Januari mosi, mwaka uleule.

Mgeni atashangaa, sisi hatushangai. Waliorudi kutoka ukimbizini bila cheti waliulizwa mwaka tu, siku na mwezi akajijazia karani, kwa hiyo Januari mosi mji huu una wenye kuzaliwa wasiohesabika. Lilly mwenyewe ni mmoja wao. Alipoiandaa programu yake alikuwa amenakili kanuni ya kumtambua mgonjwa kutoka kwenye mfano wa maelezo yake bila kufikiri, na aibu ilimchoma haswa.

Owen alisema kwamba kanuni hiyo kwenye programu yake imefungwa, haibadilishwi ila na makao makuu. Angeandika ombi, na wiki sita hivi zingetosha.

"Boss, hii makosa ni yangu," Lilly alisema. "Lakini yangu mimi naweza kufungua. Nipe saa moja tu, kalas, imeisha."

Akamgeukia Josline, akamwuliza wauguzi wanawatofautishaje Betty hao. Josline alijibu kwamba ni kwa jina la mama. Wauguzi wa Nyakuron walikuwa wakiliandika siku zote kwenye nafasi ya maoni, ingawa hakuna fomu iliyowaagiza. Lilly akaifungua programu, akaifundisha kusoma nafasi ile. Ndani ya dakika arobaini kila Betty alikuwa na faili lake.

Phineas aliyakagua mafaili mara mbili, kisha akamwomba Owen radhi kwa kumpotezea safari. "Tunachukua ya Lilly," alisema. "Na ikiharibika, mtu wa kumbana ni huyu hapa."

Lilly aliwatumia watengenezaji marekebisho yake, kama ilivyo desturi ya programu huria. Waliyajadili kwa mwezi mzima, wakayapokea. Punde kliniki moja ya nchi ya mbali, nayo yenye wakimbizi, ikaandika kushukuru, maana wagonjwa wao pia walikuwa wakichanganyika. Siku hiyo Lilly alifungua orodha ya waliojenga programu ile, majina ya watu kutoka pembe zote za dunia, akateremka taratibu mpaka alipojiona: Lilly Keji, Juba. Alijivunia waziwazi, akawaita ofisi nzima waje wasome.