Mama na kumbikumbi wa Norway

Watu wa Kitale, leo mama yangu amenianika mbele ya jirani.

Alitoka Bungoma wiki jana kunitembelea huku kaskazini mwa Norway, mahali saa tisa mchana ni giza tayari.

Niko jikoni, nasikia, "Nafula, weka mafuta kwa moto. Kumbikumbi wametoka."

Kuchungulia, ako nje chini ya taa, leso juu ya koti, anakinga beseni.

Vitu vyeupe vinazunguka taa na kuanguka. Kusema ukweli, hata mimi nilimeza mate kwanza.

Ilikuwa theluji. Ya kwanza msimu huu.

Sasa mtu anaanzia wapi kumwambia?

Jirani, mzee mpole tu, akatoka kuangalia. Mama akaniambia, "Mwambie alete sufuria yake, wako wengi."

Alipoingia kukaanga, beseni lilikuwa na maji.

Akaangalia maji. Akaniangalia mimi.

Saa hii anaongea na baba kwa simu: "Nilishika beseni zima. Lakini wa huku hawafiki jikoni."

Amenikazia macho nisicheke.

Bana, nichekeeni nyinyi huko.