Nyanya za Watu Wengine

Mjini walimwita Mama Nyanya. Watoto wa wanachama wa ushirika walipenda kumtania: nyanya ya kukaanga au ya kulea wajukuu? Naye alijibu, "Zote mbili, mkinipa muda."

Ushirika wao ulipeleka mavuno ya bondeni moja kwa moja kwa familia za mjini, bila dalali. Wazo lilikuwa la wifi yake, mke wa kaka yake aliyeishi mjini, mwenye ulimi wa asali. Mama Nyanya alipofiwa na mume, wifi huyo ndiye aliyelala naye kitanda kimoja mpaka machozi yakakauka. Basi aliposema, "Wewe lima, mimi nitauza," Mama Nyanya hakuhitaji kiapo. Akapita nyumba kwa nyumba kuwavuta majirani. Mzee wa karoti alikuwa mgumu kama kisiki. "Simjui huyo wifi yako," alisema. "Basi nishike mimi," akamjibu.

Mambo yakaenda vizuri, mpaka msimu ambao nyanya ziliiva zote kwa pamoja. Wifi akapiga simu: "Shule zimefungwa, wanachama wamesafiri. Msilete mzigo kwanza." Wiki iliyofuata, maneno yaleyale. Nyanya zikapasuka shambani, mbuzi wakazila mpaka wakazikinai. Mzee wa karoti akalisha ng'ombe jasho lake.

Siku moja mwalimu mmoja, mwanachama wa mjini, akasimamisha gari shambani.

"Nimepita kukushukuru, mama. Nyanya za Jumamosi zilikuwa ngumu kidogo, lakini tumekula."

"Za Jumamosi ipi?"

"Hii iliyopita."

Mama Nyanya akatazama nyanya zilizooza kwenye matuta yake.

Jumamosi alipanda basi la kwanza hadi kwenye bwalo la shule walikogawia wanachama vikapu. Juu ya meza ilitundikwa picha yake mwenyewe, akicheka, tope hadi magotini. Chini yake yalipangwa makasha ya soko kuu. Akabonyeza nyanya moja. Ilikuwa ngumu kama jiwe, ilichumwa mbichi.

"Wifi! Mbona hukunipigia?" mke wa kaka yake akamdaka.

"Hizi ni za nani?" Mama Nyanya akauliza.

Wifi akamvuta jikoni. "Punguza sauti. Zenu zinapondeka njiani, hizi hazina usumbufu. Halafu watu hawanunui nyanya, wifi yangu. Wananunua uso wako."

"Na majirani zangu?"

"Waambie msimu umekuwa mbaya."

Kikulacho ki nguoni mwako. Alilijua neno hilo tangu utotoni, lakini hakuwahi kudhani nguo yenyewe ni ile aliyojifutia machozi. Akarudi bwaloni, akapanda kwenye benchi, akaitungua picha na kuwaeleza watu ukweli. Mwalimu akaweka kikapu chini. Wengine wakanung'unika. Mama mmoja akauliza kama vitunguu bado vipo.

Kabla hajafika kwenye basi, kaka yake akapiga simu.

"Ungeyamaliza ndani, dada. Umetuanika."

"Kwani ulikuwa unajua?"

Kaka akakohoa, akasema simu inakatika.

Aliporudi bondeni alikwenda kwanza kwa mzee wa karoti, asije akayasikia kwa wengine. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Laiti angemtukana! Alisema tu, "Sisi tulikuamini wewe," kisha akaingia bandani kwa ng'ombe wake.

Ushirika ukafa. Mwalimu na familia chache huja wenyewe langoni kwake kununua, na wengine wamemzoea mzee wa karoti pia. Wifi alifungua ushirika mwingine kwa jina jipya, na ukutani sasa anacheka mzee fulani mwenye jembe, ambaye bondeni hakuna anayemjua.

Walikutana tena kwenye harusi ya mpwa wao. Wifi alimletea sahani kwa mikono miwili, mbele ya ukoo mzima. "Kula, wifi yangu. Umekonda." Mama Nyanya alipokea, akashukuru kama inavyopasa, akaishikilia mapajani mpaka chakula kikapoa.