Kamba ya Mguu wa Kushoto

Mume wangu, fundi wa pikipiki, hapimi pikipiki, anampima mwenye pikipiki. Anamkalisha juu ya gunia la mchanga, anamwambia anyooshe mikono kana kwamba anaendesha, kisha anakata kamba na kuipiga mafundo: la kiwiko, la goti, la kisigino. Kila mteja ana kamba yake ukutani kwenye msumari. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Kamba, na mimi ninayeshona viti vya pikipiki hizo nikawa Mama Kamba. Sikuulizwa.

Dada yake ni mkunga. Miaka ishirini sasa anazunguka na pikipiki akizalisha watu majumbani mwao. Mwaka juzi alivunjika paja, na ingawa alipona akarudi barabarani, pikipiki ilishamwangusha mara mbili akisimama tu. Wanawe wakamkalia kooni, auze, apumzike. Mwishowe mkubwa wao akaweka sharti: Kamba aitengeneze, kisha Jumamosi mama aitoe kwenye stendi yake na kuzunguka ua wetu bila kushikwa. Akishindwa, inauzwa. Wifi yangu akakubali, lakini alikuja jikoni kwangu akaniambia asipozalisha watu hajui atakuwa nani. Nikamwongezea chai.

Kamba aliifanya ile kazi kwa mapenzi yote. Alivuta usukani karibu na kifua, akachomelea bampa nene mbele ya miguu, akaweka vikinga vya kuzuia upepo na matope mikononi. Tanki likapakwa zambarau, maana dada alisema wajawazito wamechoka kuona vitu vyeupe. Kiti kilikuwa kazi yangu. Nilipokibandua kile cha zamani nikakuta sponji imelika upande wa kushoto tu, nikamwambia ampime dada yake upya.

Wapi! Alinijibu kwamba kamba ya dada iko ukutani miaka yote, na mtu mzima harefuki wala hafupiki. Ubishi wa mwanamume huyu, Mungu ndiye shahidi wangu.

Jumamosi wanawe wakajipanga ukutani na nyuso za msibani. Wifi akapanda, akaitoa pikipiki kwenye stendi. Mguu wa kulia ukakanyaga ardhi. Wa kushoto ukatafuta, ukatafuta, ukakosa, akaenda chini upande huo pamoja na pikipiki yake. Bampa ndiyo iliyopokea uzito wote. Hata mchubuko hakupata.

"Basi, mama," mwanawe mkubwa akasema polepole. "Yatosha."

Kamba alikuwa ameshapiga magoti, anamvua dada yake kiatu cha kushoto. Ndani mlikuwa na kipande cha sponji kilichokunjwa mara mbili.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu nivunjike. Mfupa uliunga vibaya, mguu ukafupika. Ningesema, mngenifungia ndani."

Nilidhani mume wangu atafoka. Alilia, wala hakujificha. Alisema kosa ni lake, kwamba amewapima wapita njia wote wa mji huu, na dada yake mwenyewe akauachia msumari umpime kwa kamba ya zamani. Kisha akakata kamba mbili, moja kwa kila mguu, akamwomba mpwa wake saa moja. Mpwa akakubali shingo upande.

Saa moja tu jamani! Nilishika kisu nikaichonga sponji upande wa kushoto, yeye akishusha springi za nyuma na kupandisha kikanyagio. Sikumwambia "si nilikwambia". Nilimwambia baadaye, mara tatu.

Wifi akapanda tena, safari hii bila kile kipande kiatuni. Miguu yote miwili ikafika chini kwa pamoja. Akauzunguka ua mara moja kama walivyopatana, halafu mara ya pili kwa raha zake, nami nikajikuta nalia kama mtoto. Aliposimama, aliniomba mkoba wake wa kazi. Alikuja nao tangu asubuhi.

"Fungua geti," akamwambia mwanawe mkubwa. "Kuna mtu wa miezi tisa ananingoja."

Mwanawe akafungua, akalishikilia mpaka mama yake akapita.