Leso Iliponasa Utosini

Jumamosi, 14 Julai 2007. Ukungu umetukalia hapa Kinoo tangu alfajiri, na manyunyu hayakukatika.

Leo watu wa mchumba wangu wameleta mahari. Sijui kama haya ni ya kuandikwa, lakini nikinyamaza nitaanza kujidanganya.

Mwaka mzima nywele za utosini zimekuwa zikibaki kwenye kitana, huku kidevuni zikiota nisikozitaka. Hedhi hupotea miezi. Daktari kule Upper Hill alisema homoni zimevurugika. Mtoto naweza kupata, ila huenda nikachelewa na nikahitaji dawa. Mchumba wangu hakuambiwa. Shangazi ndiye aliyenishauri ningoje leo ipite. Simlaumu, alitaka kunikinga, na mdomo wa kusema ulikuwa wangu.

Juzi msusi alinishonea nywele za bandia akinung'unika, "Dada, hapa katikati sina pa kushikisha uzi. Mtu asikuvute."

Sasa kwetu, siku ya mahari wasichana hufunikwa leso kichwa hadi miguu, na bwana harusi lazima amtambue wake. Akimpata, huivuta leso mbele ya wote. Nilishaona jambo hili mara nyingi, na bado sikulifikiria mpaka niliposimama sebuleni na wenzangu watano, leso ikanishukia na kunasa kwenye ule uzi. Nikaweka mkono kichwani, nikaushikilia hapo.

"Ukikosea ni faini, mbuzi ingine!" shangazi akamtania.

"Huyo wenu akishajipodoa hata mamake hamjui," dada ya mchumba wangu akajibu. Watu wakaangua kicheko.

Viatu vya mchumba wangu vikasimama mbele yangu. "Ni huyu. Huyu ameshika kichwa."

"Vuta basi!" watu wakapaza sauti.

"Usivute," nikanong'ona. "Nywele si zangu."

Akaikunja leso kutoka chini, polepole, mpaka ikafika shingoni, akaingiza vidole na kuunasua uzi.

"Kwani unamwogopa bibi na hujamwoa?" dada yake akazomea. Vigelegele vikapigwa.

Nikamwita nyuma ya tangi la maji, nikamwambia yote.

"Daktari alisema haiwezekani?"

"Alisema inaweza kuchelewa."

Akatazama matope kwenye viatu vyake. "Mbona leo? Mbona si kabla niwalete wazee?"

Swali lake lilikuwa la haki. Wageni walipoondoka aliondoka nao bila kuniaga. Nikaingia chumbani, nikachukua makasi, nikafumua nywele zote za bandia, nikajifunga kitambaa.

Giza lilipoanza kuingia mlango ukabishwa. Alikuwa yeye, peke yake, amelowa.

"Nimesahau koti, mzee," akamwambia baba.

Koti alikuwa amelivaa. Baba akalitazama, akasogea kwenye kochi kumpa nafasi.

Hajanipa jibu. Labda alirudi kukaa, labda alirudi kuuliza zaidi. Sitaki kumwekea maneno mdomoni. Lakini alikitazama kitambaa changu, kisha akanisogezea sahani yake nimpakulie. Tulikula mukimo wa viazi na mahindi uliobaki, kabeji, na supu ya mifupa ya mbuzi.