Jina Lililoondolewa Kwenye Makala

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Kajiado, huku nikipanga chumba Kitengela. Wazazi wangu walitoka magharibi mwa Kenya wakahamia huku miaka ya tisini, baba alipopata kazi kwenye kiwanda cha saruji. Kwa hiyo Kimaasai nilichokijua kilikuwa cha salamu na cha sokoni tu.

Chuo chetu hakikuwa na intaneti. Nikihitaji mtandao nilienda saiba moja ya Kitengela, chumba kilichoshikana ukuta na bucha. Unasoma huku unasikia shoka likipasua mifupa upande wa pili.

Hapo ndipo nilipoikuta ile hifadhi. Ilikuwa tovuti isiyo na picha wala madoido, makala tu ya utafiti wa akili bandia yaliyowekwa na watafiti wenyewe, na mtu yeyote aliruhusiwa kuyafungua na kuyasoma bure. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea njia. Maktaba zote nilizowahi kuingia zilikuwa na mtu mlangoni wa kukuuliza wewe ni nani na umetumwa na nani. Hapa hakuna aliyeniuliza. Hesabu nyingi zilinishinda, lakini nilikuwa nachapisha makala, naenda nayo nyumbani na kuyarudia mpaka kitu kifunguke.

Siku moja nilikutana na makala yaliyonichoma. Waandishi wake walisema wamepata njia ya kuifundisha mashine kutambua ni nani ametenda na ni nani ametendwa katika sentensi, na kwamba njia hiyo inafaa lugha yoyote ya binadamu. Nikatafuta walikuwa wameijaribu kwa lugha zipi. Kiingereza, pamoja na nyingine chache za Ulaya. Basi.

Nikampelekea mwenzangu aliyekuwa akifundisha Kiswahili pale chuoni, mwanamke wa Kimaasai aliyezaliwa na kukulia Kajiado. Aliyasoma kwenye chumba cha walimu, miwani ikiwa puani, akayaweka chini.

"Lugha yoyote," akasema. "Kwani walituuliza lini?"

Akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua, mimi niliyeishi miaka hiyo yote katikati ya Wamaasai. Katika Kimaasai kitendo hutangulia, halafu yanafuata majina. Anayetenda na anayetendwa hutofautishwa na toni, sauti inapopanda au kushuka juu ya jina lenyewe. Ukiandika bila alama za toni, na majina yakibadilishana nafasi, karatasi haiwezi kukwambia kama mtoto amempiga mbuzi teke au mbuzi ndiye aliyempiga mtoto.

"Sasa hiyo mashine yao itajuaje?" akauliza.

"Haitajua," nikasema.

"Basi tuwaonyeshe."

Tukaanza kazi. Jumamosi tulikuwa tukienda kwa dada zake na kwa majirani na redio ya kaseti, tukiomba watu watusimulie mambo ya kawaida: ng'ombe aliyepotea, harusi, ugomvi wa kisimani. Kanda nyingine ziliharibika kwa upepo, nyingine kwa mbuzi waliolia juu ya maneno. Mwenzangu alikuwa akisikiliza kipande kimoja mara nyingi, akirudisha kanda nyuma, kisha anaweka alama ya toni juu ya kila jina. Akiwa na shaka alirudi kwa msemaji kumuuliza. Kanuni za kupanga zile sentensi alizitunga yeye. Mimi niliandika programu. Bila alama, mashine ilibahatisha. Tulipoipa alama zake, ilianza kupata. Siku hiyo tulikumbatiana pale chuoni mbele ya wanafunzi, wakatushangaa.

Tukaandika makala yetu, jina lake likitangulia. Hatukubishana juu ya hilo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

Lakini kusoma kwenye ile hifadhi kulikuwa kitu kimoja, na kuweka chako kitu kingine. Mgeni alihitaji kudhaminiwa na mtafiti aliyekwisha kuingia. Tukampata mhadhiri wa Nairobi aliyekuwa na makala mle. Alitupokea vizuri, akaagiza chai, akasema kazi yetu ni safi. Tukamwachia diski. Akaahidi kuyawasilisha yeye mwenyewe ili kutupunguzia usumbufu.

Nilikuwa saiba nilipoyaona. Kichwa chetu, maneno yetu, jedwali letu. Jina la kwanza lilikuwa la mhadhiri. La pili langu. La mwenzangu halikuwepo. Nikashuka mpaka mwisho kabisa, kwenye shukrani: waandishi wanamshukuru mzungumzaji mmoja wa Kimaasai kutoka Kajiado kwa msaada wake. Hata jina lake hakulitaja. Nikayachapisha yote.

Kesho yake nilimwonyesha. Alisoma mpaka kwenye shukrani, kisha akasema, "Vaa koti tuende Nairobi."

Mhadhiri hakushtuka kutuona. Mwenzangu aliweka karatasi mezani kwake.

"Daktari, hizi alama za toni ni nani aliziweka?"

"Ni wewe, mwalimu. Na tumekushukuru."

"Na hizi kanuni?"

"Elewa, madam. Kuwa na lugha si utafiti. Kila mtu ako na lugha. Wewe ulitupatia data."

"Na wewe ulifanya nini ndani yake?"

"Niliyafikisha pale. Bila mimi hayangeingia."

Nikamwambia aliondoe jina langu kama la mwenzangu haliwezi kurudi. Akaniambia nisiwe na hasira za kitoto, kwamba hayo makala yatanisaidia mbele. Mwenzangu alikuwa amekwisha kusimama. "Twende," akaniambia. "Huyu hana lingine la kusema."

Nikawaandikia wasimamizi wa hifadhi. Walijibu kwa upole kwamba migogoro ya waandishi waimalize waandishi wenyewe, na kwamba makala yakishaingia hayafutwi, huwekewa tu ilani ya kuondolewa, na anayeweza kuiomba ni aliyeyawasilisha. Yaani mwizi ndiye apewe funguo aamue kama atarudisha mali. Sitasahau upole wa jibu lile. Ningeona afadhali matusi.

Mwishowe nilimwandikia mmoja wa wale waliodai njia yao inafaa lugha yoyote. Anwani yake ilikuwa juu ya makala yao. Nilimweleza kila kitu, nikamtumia sentensi zetu na alama zake. Alikawia kujibu, lakini alijibu. Alikiri kwamba walidai mengi kuliko walivyojaribu, kisha akakubali kutudhamini.

Tukaandika upya, kwa upana zaidi, jina la mwenzangu mbele, tukayatuma. Yakarudishwa. Tuliambiwa yanafanana mno na makala yaliyokwisha kuwekwa na watu wengine. Mwanamke aliyekaa na kaseti sikioni mwaka mzima anaambiwa ameiba kutoka kwake mwenyewe. Nilipiga meza ngumi, mwenye saiba akaniuliza kama ni habari za msiba.

Ilibidi niwaandikie tena wasimamizi, safari hii nikiwa yule "mwandishi wa pili" wa makala ya kwanza, nishuhudie kwa jina ambalo mhadhiri aliliweka bila kuniuliza. Hapo wakatuelewa. Makala yetu yakapokelewa, na chini ya kichwa tukaeleza wazi kwamba toleo lililotangulia lilimwacha nje mwandishi wake mkuu.

Ila yale ya kwanza hayakuondoka, na kwa kuwa yalitangulia, ndiyo watu waliyoendelea kuyanukuu. Mwenzangu alikuwa mwepesi wa kuliacha jambo kuliko mimi. Alitumia zile kanda kufundishia walimu wapya wa Kajiado kuandika Kimaasai kwa alama, na akasema hiyo inamtosha. Mimi haikunitosha. Kila nilipoona mtafiti ameyataja yale ya mhadhiri, nilimwandikia barua pepe, nikampa jina linalostahili na mahali pa kuyapata makala yetu. Wengine walirekebisha. Wengine walinyamaza, nami nikawaandikia tena.

"Utazeeka ukiandika hizo barua," mwenzangu aliniambia siku moja, akicheka.

Nikamwambia nitazeeka kwa vyovyote vile.