Fundi Mwanne na Jaji wa Kizaramo

Ukitaka kumkasirisha Mwanne binti Majidi, mwambie kwamba Shindano la Wimbo Mpya ni mchezo wa watoto wa Dar es Salaam. Ataacha cherehani, atavua miwani, na utasimuliwa historia yote tangu mwanzo, hata kama umekuja kuchukua gauni tu. Mimi nimesimuliwa hadi basi. Duka langu la vitambaa, nililorithi kwa baba yangu Mzee Darwesh, limepakana na kibaraza chake hapa Cheyo, mjini Tabora. Mimi nauza kitambaa, yeye anashona, na hakuna harusi ya mjini inayotupita.

Shindano lilianzia redioni. Masharti yalikuwa mawili: wimbo usiwe umepata kuimbwa popote, na maneno yote yawe ya Kiswahili. Watunzi wa mikoani walituma kanda kwa posta, na Mwanne, wakati huo binti wa shule, aliketi sakafuni mbele ya redio ya baba yake akiomba Mungu betri zisiishe kabla ya matokeo. Mwaka mmoja wimbo wa Tabora ulishika mkia. Mji ulinuna! Adinani muuza nyama aliifunga redio yake kwenye gunia akaapa haitasema tena, ingawa aliifungua Jumapili kwa ajili ya mpira. Baadaye wafadhili wakakimbia, shindano likafa kwa miaka mingi. Lilipofufuka lilikuwa la televisheni, lina taa, lina moshi, lina kura za simu. Ndipo mshindi mmoja akanyang'anywa kikombe kwa sababu alichomeka kiitikio cha Kiingereza. Siku hiyo Mwanne alipiga vigelegele peke yake barazani, wapita njia wakadhani kuna posa.

Na muda wote huo alikuwa akitunga. Mguu uko kwenye cherehani, mdomo uko kwenye wimbo, na sindano ikienda mbio, wimbo nao unakwenda mbio. Lakini aliimba harusini tu. Nikimwambia atume wimbo wake, ananijibu, "Mimi nani, Saleha?" Mwaka huu nikachoka na hiyo "mimi nani". Nikamrekodi kwa simu akishona na kuimba wimbo mpya ambao hakuwa ameuimba harusi yoyote, nikautuma bila kumwambia. Baada ya mchujo wakanipigia kutoka Dar es Salaam: wimbo umeingia fainali, na mwenyekiti wa majaji, Mzee Pazi, ameupa alama za juu kuliko nyimbo zote. Wameipenda hasa ile ngoma. Ngoma gani? Ilikuwa cherehani jamani!

Nilipomweleza, Mwanne alinitukana, akanikumbatia, akanitukana tena. Cheyo nzima ilihamia barazani. Huyu analeta khanga, yule analeta asali ya kulainisha koo, mwingine analeta ushauri ambao hakuombwa. Tukapanda treni, reli ile ile inayofuata njia ya misafara, ambayo babu zake Mwanne waliitembea kwa miguu mpaka pwani, mizigo mabegani. Njia nzima aliimba. Kufika Morogoro, behewa zima lilikuwa likiitikia.

Fainali ilikuwa alasiri, inarushwa moja kwa moja. Mtangazaji akawatambulisha majaji watatu. Alipofika kwa Mzee Pazi akasema, "Mzaramo halisi wa Kisarawe!" Nikahisi Mwanne ameshtuka pembeni yangu. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Maana Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukusema, kukunyang'anya, hata kukuchekesha msibani kwako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na Mwanne ni Mnyamwezi kwa baba na kwa mama. Kumpita mtani kimya kimya, kwake, ni sawa na kumpita mzee bila kumwamkia.

Basi alipoitwa jukwaani hakwenda jukwaani. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya majaji, akamvua Mzee Pazi kofia, akaivaa yeye, akaongea kwenye kipaza sauti nchi nzima ikisikia.

"Huyu nani kampa kiti? Babu zangu walimwachia mbuzi awatunze, waliporudi wakakuta mifupa! Alipe kwanza mbuzi wetu, ndipo nimwimbie."

Mzee Pazi akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Mbuzi wenu walikufa kwa huzuni walipoona sura zenu," akasema. "Lete kofia, mbeba mizigo wewe!"

Wazee wakaangua kicheko. Vijana wakatazamana. Matangazo ya biashara yakawekwa haraka, na msimamizi wa kipindi akatujia jasho likimtoka. Washiriki wengine walikuwa wamelalamika kwamba jaji na mshiriki wanajuana.

"Mama, njia ni mbili," akasema. "Tukirudi hewani, umwombe jaji radhi, useme umeteleza na hamna uhusiano wowote. Yataisha, naye atakupa alama zake. Au ukubali kwamba ni mtani wako. Lakini hapo mtakuwa ndugu, na ndugu hawezi kumhukumu ndugu. Alama zake hazitahesabiwa."

Nikamfinya mkono. "Omba radhi, dada! Ni maneno tu!"

"Mtani haombwi radhi, Saleha. Nikimwomba radhi nimemwambia si mtu wangu."

"Na kikombe je?"

Akaiweka sawa ile kofia kichwani. Mimi nilijua anavyokitaka; nani asiyejua? Taa zikawaka, mtangazaji akamsogezea kipaza sauti, naye akasema kwa sauti ya kutosha harusi mbili, "Huyu ni mtani wangu. Kwa mababu na mabibi."

Mzee Pazi akaisukuma karatasi yake ya alama pembeni, akainuka kitini. Mwanne akapanda jukwaani na kofia ya mwenyewe kichwani, wapiga ngoma wa shindano wakaanza yale mapigo ya cherehani, akaimba:

*Mzigo niupe mimi, wewe umebeba mwana,*
*Njia ni ndefu mwenzangu, tupokezane mchana.*

Jamani! Nimemsikia maisha yangu yote, sijamsikia hivyo. Na Mzee Pazi, kwa kuwa hakuwa tena na cha kuandika, alishuka mbele ya jukwaa akacheza, kanzu kaikunja mkononi, leso inapepea. Kina mama wakamfuata, vijana wakafuata kina mama. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, na hata leo sijutii.

Matokeo yakasomwa. Bila alama za mwenyekiti, Mwanne alikuwa wa pili, tena kwa tofauti ndogo. Kikombe kilikwenda kwa kijana wa Mbeya. Wimbo wake ulikuwa mzuri, nalisema hilo japo linaniuma.

Nyuma ya jukwaa Mwanne aliketi juu ya boksi la spika akalia kama mtoto.

"Nilikitaka, Saleha. Usiniambie wa pili ni mzuri. Nilikitaka."

Nililia naye. Hapo ndipo Mzee Pazi alipotokea, amelowa jasho, akasimama mbele yake.

"Unalia nini?" akamwuliza. "Hata ningebaki kwenye kile kiti, ningekupa sifuri."

Mwanne akainua uso. "Sifuri! Na ulivyocheza mpaka kiatu kikakutoka?"

"Nilikuwa naikimbia sauti yako, mlango haukuonekana."

Mwanne akacheka, kicheko na kilio vikatoka pamoja mpaka akaishiwa pumzi. Mzee akakaa juu ya boksi kando yake, mwenyekiti mzima, akavuta kanzu vizuri. Kisha akaacha utani.

"Uimbe tena," akasema, "ule ubeti wa kwanza. Polepole, niushike."

Mwanne akafuta machozi na kamasi kwa mtandio wangu, akaanza.