Mama Vibanio na Kamba ya Maneno

Kapita! Mama Vibanio kapita usaili, anatoka kwenye mvuke anaenda kukaa mapokezi! Sasa tulieni niwaambie, maana presha aliyokuwa nayo huyu mama si ya kitoto.

Anafua mashuka hotelini. Mvuke na dawa za kufulia vimemkaba kifua, na daktari alishamwambia akiendelea pale ataumia vibaya. Nafasi ikatoka mapokezi, ila usaili ni kwa Kiingereza. Moyo ukamlipuka paa.

Tena hajui kujifunza kama watu. Anaandika neno kwenye kikaratasi, analibana na kibanio cha nguo kwenye kamba chumbani kwake, kama shuka. Ndiko jina lilikotoka. Safari hii kamba nzima ilikuwa ya "over". Alianza vizuri: overtime, kazi ya kuzidisha saa, oversleep, kulala kupitiliza. Akasema basi, ova ni kuzidi. Likaja overhear, kumbe si kusikia sana, ni kusikia yasiyokuhusu. Overlook nayo si kutazama sana, ni kutoona kabisa!

"Hivi haya maneno ni ndugu au yanafanana sura tu?" akamuuliza bintiye.

"Mama, wewe si unapiga pasi, unapiga simu, unapiga mswaki? Kuna aliyelia?"

Akacheka kidogo, ila hofu haikutoka.

Asubuhi akavaa haraka haraka chini ya ile kamba, huyo, mbio. Mlinzi wa getini akamcheka. Wapishi nao. Akajua ni vile viatu alivyoazima kwa mdogo wake. Kufika mbele ya meneja, maneno yote yamehama. Alipogeuka kuvuta kiti, meneja akamwomba abaki hivyo hivyo. Akajua gauni limechanika. Kumbe kibanio kimeng'ang'ania kola mgongoni, na kikaratasi chake: oversleep.

Meneja akauliza kwa Kiingereza ni nini hiki. Kwa aibu akaanza kujitetea: kamba, mashuka, ndugu wasiofanana tabia, binti na pasi zake. Akakwama, akaonyesha kwa mikono, akaendelea, mpaka meneja akawa anafuta machozi ya kicheko.

"Mama," akasema, sasa kwa Kiswahili, "muda wote huu umeongea Kiingereza, na nimekuelewa. Jumatatu uje mapokezi. Ila usipitilize usingizi."

Kama una mama, shangazi au dada anayeogopa usaili, tafadhali mtumie hii.